Chapa Inakaa Ndani ya Herufi 160

Novemba 2024, Tigo ya Tanzania iligeuka Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kuta zikapakwa rangi upya, miavuli ya mawakala ikabadilishwa, fulana zikagawiwa. Kwa mtandao ule halikuwa jambo geni, maana wenye umri wanaukumbuka ukiitwa Mobitel, kisha Buzz, kabla hata ya jina la Tigo. Mshindani wake naye alitoka Celtel akawa Zain mwaka 2008, akawa Airtel mwaka 2010. Pamoja na rangi zote hizo, mteja wa Tigo Pesa aliyetaka kumtumia mtoto nauli alibonyeza *150*01# kama alivyobonyeza siku zote, menyu ikafunguka, pesa ikaenda. Jina lilihama, vidole havikuhama.

Kampuni changa za programu huanzia upande wa rangi. Nembo inatengenezwa kwanza, ukurasa wa Instagram unafuata, kisha posti ya "kuna jambo kubwa linakuja". Meseji ya kwanza atakayoipokea mteja aliyejisajili huachiwa mtengeneza programu, aiandike usiku wa manane akiwa amechoka, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na hakuna anayeisoma tena baada ya hapo. Mteja ataiona nembo mara chache sana. Meseji ile ataisoma kila siku.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni twende nao. Kampuni ya watu saba inauza programu ya daftari la duka kwa wauza pembejeo za kilimo wa Mbeya, Iringa na Njombe. Programu inaandika mauzo, madeni na stoo, na kila jioni inamtumia mwenye duka meseji ya muhtasari. Bei ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Wana maduka 2,000.

Jina, na nani analimiliki

Jina la bidhaa ya teknolojia hapa kwetu husafiri kwa mdomo kuliko kwa maandishi. Mwenye duka anamwambia mwenzake kwa simu au kwa sauti ya WhatsApp, na yule mwenzake anakwenda kuliandika kama alivyolisikia. Hapo ndipo majina yaliyonyofolewa irabu ili yafanane na ya California yanapofia. Kiswahili hufunga silabi kwa irabu, kwa hiyo msikilizaji atairudisha irabu uliyoitoa na kuangukia tovuti ya mtu mwingine, au asione kitu.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Rekodi sauti ya sekunde tano ukitaja jina ndani ya sentensi ya kawaida, watumie watu kumi wasiolijua, waombe waliandike. Wakikosea zaidi ya wawili, badilisha jina. Chunguza pia wamekosea wapi. Wakichanganya r na l, au dh na z, au wakiacha h, jina linaweza kubaki, ila nunua na domeni (anwani ya tovuti) ya tahajia ile ya pili uielekeze kwenye ile ya kwanza. Malipo ya mwaka mzima ya domeni moja ya ziada ni madogo kuliko tangazo la siku moja redioni.

Kuna kosa la kisheria linalojirudia sana: kudhani kwamba ukishasajili jina la biashara au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), jina limekuwa lako. Usajili huo unakupa ruhusa ya kufanya biashara kwa jina hilo. Kinachomzuia mwingine kulibandika kwenye bidhaa inayofanana na yako ni alama ya biashara, na maombi yake ni tofauti hata kama ofisi ni ileile. Alama huombwa kwa madaraja: daraja la 9 kwa programu ya kupakua, la 42 kwa programu inayotolewa kama huduma mtandaoni, la 36 ukigusa huduma za fedha. Tanzania Bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hauvuki maji. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na ukitaka kuuza Unguja na Pemba unaomba kule pia. Kenya ofisi ya alama ni KIPI, kwa miaka 10.

Ukiacha sheria, kuna umiliki wa kawaida kabisa ambao ndio unaoua chapa nyingi. Domeni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi wa tovuti, na fundi amehamia Dodoma hapokei simu. Ukurasa wa Facebook ulifunguliwa na kijana aliyekuwa mafunzoni, kwa akaunti yake binafsi, na yeye ndiye admini pekee. Laini ya WhatsApp ya kampuni imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya ofisa mauzo. Siku anaacha kazi anaondoka na namba ambayo wateja wote wameihifadhi, na kisheria laini ni yake. Haya yote yanarekebishwa kwa siku mbili kama bado mnaelewana: laini isajiliwe kwa jina la kampuni, domeni iwe kwenye akaunti ya kampuni kwa msajili, kurasa ziwe na admini wawili walau, na uthibitisho wa hatua mbili usiwe kwenye simu ya mtu mmoja. Mkishagombana, ni miezi.

Kwenye domeni hiyohiyo, barua pepe. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi: anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Hata ukituma mia mbili, ziweke. Ni mistari mitatu kwenye mipangilio ya domeni, na bila hiyo ankara zako zinaishia kwenye kapu la taka, mteja anasema hukumtumia, na wewe unasema ulimtumia.

Herufi moja inavyotafuna bajeti

Sasa ile meseji ya jioni. Hii hapa:

"Mauzo ya leo: TSh 412,500. Deni jipya: TSh 38,000 (wateja 3). Bidhaa 2 zinakaribia kuisha: dawa ya ng'ombe, mbolea. Fungua programu kuona zote."

Hesabu nafasi na nukta zake, ni herufi 143. Meseji moja inabeba baiti 140. Herufi zilizomo kwenye jedwali la GSM, orodha ya herufi za msingi za meseji, hutumia biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Ikitokea herufi moja tu isiyokuwemo kwenye jedwali hilo, meseji yote inahamia Unikodi, mfumo wa herufi za lugha zote, kila herufi inachukua baiti mbili, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinatoa baiti 6 za kuviunganisha, hivyo kinabaki na 153 kwa jedwali la GSM au 67 kwa Unikodi.

Kiswahili kina bahati, maandishi yake ya kawaida yanaingia kwenye jedwali bila taabu. Isipokuwa sehemu moja: ng'. Alama ya juu iliyonyooka (') imo kwenye jedwali. Ile iliyopinda (’), ambayo Word na baadhi ya simu huibadilisha zenyewe bila kukuuliza, haimo. Ofisa masoko akiandika ujumbe wake kwenye Word, akanakili na kubandika kwenye mfumo wa kutuma meseji, "ng'ombe" inakuwa "ng’ombe", na herufi 143 zinagawanywa kwa 67. Meseji moja imekuwa tatu. Chukulia mnalipia shilingi 20 kwa meseji: maduka 2,000 yalikuwa yawagharimu 40,000 kwa siku, sasa ni 120,000, na kwenye skrini ya mteja hakuna kilichobadilika. Wahasibu hugundua mwisho wa mwezi, kisha kampuni inayowauzia meseji inalaumiwa kwa wizi.

Wenzake na hiyo alama ni vistari virefu ambavyo Word huviweka badala ya kistari kifupi, alama za nukuu zilizopinda, na emoji zote. Mabano ya mraba, ya mawimbi na alama ya yuro yamo kwenye jedwali lakini kila moja inahesabiwa mbili. Dawa ni kuandikia kwenye kihariri cha maandishi matupu, na kumwomba mtengeneza programu aweke mistari michache inayonyoosha alama zilizopinda kabla ujumbe haujatoka. Kama jina la duka linaingizwa lenyewe ndani ya meseji, chujio hilo ni la lazima, kwa sababu mwenye "Ng’ambo Agrovet" alijisajili mwenyewe kwa simu yake na alama yake iliyopinda.

Jina la mtumaji, lile linaloonekana juu ya meseji badala ya namba, lina kikomo cha herufi 11. Kampuni yenye jina la herufi 17 itajikuta imekatwa katikati ya neno, kwa hiyo amua mwenyewe kifupisho chako, ukiombe kupitia kampuni inayokuuzia meseji, na baada ya hapo usikibadilishe kamwe. Ukibadilisha, meseji zinafungua uzi mpya kwenye simu ya mteja na historia yenu yote inabaki kule chini. Majina kama INFO na NOTICE ni kujitupa: mteja hajui ni benki, ni shule, au ni matapeli. Kumbuka pia kwamba jina la maneno halijibiki. Mwenye duka akiandika "nimeelewa lakini mauzo si hayo" na kutuma, haifiki popote. Walau meseji moja kati ya chache iwe na namba ya kupiga.

Jambo la jina la mtumaji linanipeleka kwenye utapeli, maana huku kwetu chapa ya teknolojia inapimwa hapo zaidi ya kwenye uzuri. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli haibi nembo, anaiga lugha. Ukiwa na mpangilio wa meseji usiobadilika, mteja anajifunza bila kufundishwa. Meseji za M-Pesa ni mfano mzuri. Inatangulia namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, kisha neno la kuthibitisha, kiasi, jina la aliyetumiwa, tarehe, saa, salio. Watu wameisoma mara elfu, wanaitumia kama risiti mbele ya mwenye nyumba na mbele ya balozi wa mtaa, na ikija iliyopangwa vingine wanashtuka kabla ya kujua ni nini kilichowashtua. Safaricom nao wamerudia kwa miaka kwamba simu ya kampuni kwa mteja inatoka 0722 000 000 tu. Namba moja ya simu imefanya kazi ambayo hakuna bango lingeiweza.

Kampuni yetu ya daftari inaweza kufanya vilevile kwa gharama ndogo. Mpangilio uwe uleule kila jioni: mauzo, deni, stoo. Isiweke kiungo cha kubofya ndani ya meseji ya muhtasari hata siku moja, na iwaambie wateja hivyo siku ya kwanza. Siku tapeli akituma kiungo kwa jina lao, itakuwa kitu ambacho mwenye duka hajawahi kukiona kwao.

Maneno ya kwenye menyu na dukani

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, tangazo lake halikumwelezea mtu teknolojia ya ndani ya laini. Lilisema kazi: kutuma pesa nyumbani. Yeyote mwenye mzazi kijijini alijua amesemwa yeye. Kampuni nyingi za sasa zinajitambulisha kama "suluhisho bunifu la kidijitali linalowezesha wajasiriamali", na ukiisoma sentensi hiyo kwa muuza mbolea wa Makambako atakuuliza kwa heshima zote: kwa hiyo mnauza nini?

Kwenye Google Play nafasi ni ndogo, na ufinyu huo unasaidia. Jina la programu ni herufi 30, maelezo mafupi 80, maelezo marefu 4,000. Kwenye zile 30 weka jina na kazi yake, mathalani jina lako kisha "Daftari la Duka". Kwenye 80 weka sentensi yenye vitendo: "Andika mauzo, madeni na stoo ya duka lako kwa simu yako." Hizo ni 56, inatosha. Maelezo ya Kiswahili yanawekwa kama lugha yake kamili, usiyachanganye chini ya yale ya Kiingereza. Na maneno ya kutafutia uyatoe kwa wateja: waulize kumi wangeandika nini kutafuta kitu kama hiki. Wataandika "app ya duka" na "app ya madeni" muda mrefu kabla ya yeyote kuandika "mfumo wa usimamizi wa hesabu".

Mkiwa na menyu ya nyota na reli, ukurasa mmoja unabeba herufi 182 hivi, na muda wake ukiisha mteja anaanza upya. Kwa hiyo chaguo linalotumika sana liwe namba 1, na lianze na kitenzi: "1. Andika mauzo", wala si "1. Huduma za mauzo". Ukishaweka namba, usizipange upya. Watu hawasomi menyu baada ya wiki ya pili, wanakariri 1-3-1 kama wimbo. Ukiingiza bidhaa yako mpya nafasi ya kwanza kwa sababu mkurugenzi anaipenda, umewavurugia vidole watu elfu mbili kwa asubuhi moja.

Nembo nitaipitia haraka. Aikoni ya Play ni pikseli 512 kwa 512, lakini kwenye simu inaonekana ndogo kama ukucha, kwa hiyo jina zima ndani ya aikoni ni doa tu. Faili la asili liwe la vekta, linalokuzwa bila kupoteza ubora, na toleo la rangi moja liwepo kwa ajili ya muhuri na fulana. Kijani kinachong'aa kwenye skrini hakipo kwenye wino; chapisha kipande kidogo kabla ya kuagiza mabango mia. Na bango la juani nyekundu na njano yake hupauka kabla ya bluu na nyeusi, kitu ambacho mchora nembo wa ofisini hawezi kukuambia lakini mchapaji anakijua.

WhatsApp, na uchungu wa "njoo DM"

Orodha ya matangazo kwenye programu ya WhatsApp Business inabeba watu 256, na sharti lake ndilo watu husahau: ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Una wateja 256 kwenye orodha, 60 wamekuhifadhi, umewatumia 60. Kwa hiyo kazi ya masoko kwenye WhatsApp ni kuhifadhiwa. Mtu hahifadhi namba kwa kuombwa, anahifadhi kwa faida. Kwa wauza pembejeo faida ipo wazi: "Hifadhi namba hii, kila Jumatatu tunatuma bei za mbolea za jumla za mikoa mitatu." Hiyo inahifadhiwa, tena inasambazwa kwenye magrupu bila wewe kulipa.

Kiungo cha kukufungulia mazungumzo huandikwa wa.me/255 kisha namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya jumlisha. Ukiandika wa.me/07 hakitafunguka, na kosa hili lipo kwenye mabango mengi yaliyochapishwa. Usinunue zile programu za kurusha ujumbe kwa maelfu ya namba mlizookota: wapokeaji watakuripoti, namba itafungiwa, na hiyo ndiyo namba iliyo kwenye risiti zenu zote.

Mkikua mkahamia mfumo wa WhatsApp unaounganishwa na programu, sheria ni nyingine. Mteja akiwaandikia, mna saa 24 za kumjibu mpendavyo. Zikipita, mnaruhusiwa kutuma violezo (meseji zilizoandikwa mapema) vilivyoidhinishwa tu, na vinatozwa kwa kundi lake: vya masoko, vya huduma, vya uthibitisho. Ukichomeka "pata punguzo mwezi huu" mwishoni mwa kiolezo cha risiti, kitahamishwa kundi la masoko na bei yake. Risiti iache iwe risiti.

Picha inayotokea mtu akishea kiungo chenu pia ni chapa, na mara nyingi ni mraba wa kijivu. Itengenezwe pikseli 1200 kwa 630, iwe nyepesi, chini ya kilobaiti 300 ili WhatsApp iichukue, na maandishi yawe makubwa katikati kwa sababu pembeni hukatwa.

Kuhusu Instagram, nina neno moja tu la ugomvi. Mtu anauliza "bei gani?" chini ya posti, anajibiwa "njoo DM". Kwa muuza magauni labda ana sababu zake. Kwa kampuni ya programu, kuficha bei kunamwambia mteja kwamba bei inategemea anavyoonekana. Andika: shilingi 10,000 kwa mwezi, kodi imo ndani, siku 14 za kwanza bure, unaweza kuacha wakati wowote. Na mkitaka kupamba posti kwa skrinshoti ya daftari la mteja au picha yake dukani, chukueni ridhaa ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika tangu Mei 2023. Kenya ina ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa.

Hesabu ya matangazo

Kitufe cha kubusti posti kinavutia kwa sababu ni kimoja. Kikiachwa kama kilivyo mara nyingi hutafuta watu wanaopenda kulaiki, na nchi hii ina watu wengi sana wanaopenda kulaiki. Tumia tangazo linalofungua mazungumzo ya WhatsApp, na kila tangazo liwe na ujumbe wake uliokwisha kuandikwa, mathalani "Habari, nimeona tangazo la Njombe". Hiyo ndiyo alama yenu ya kufuatilia. Viungo vinavyosambazwa ndani ya WhatsApp huonekana kwenye ripoti za tovuti kama watu waliokuja moja kwa moja bila chanzo, na ukitegemea ripoti hiyo utaikata bajeti ya njia inayokuletea wateja. Kwenye viungo vya tovuti weka vitambulisho vya utm, maneno ya mwishoni mwa kiungo yanayotaja chanzo, kwa herufi ndogo siku zote. "Instagram" na "instagram" zinahesabiwa kama vyanzo viwili.

Namba zake zinavyosomwa: chukulia mmetumia 600,000. Mazungumzo 300 yamefunguka, kila moja shilingi 2,000, na ofisa masoko ameshafurahi. Waliopakua programu 90. Walioandika mauzo siku saba mfululizo 30. Waliolipa mwezi wa kwanza 15. Mteja mmoja amewagharimu 40,000. Analipa 10,000, meseji zake za jioni ni 600 kwa mwezi, mnabaki na 9,400. Fedha yenu inarudi mwezi wake wa tano tangu ajiunge, kama hajaondoka.

Kwa wauza pembejeo, huo mwezi wa tano wa mteja ndio wenye hatari. Nyanda za Juu Kusini mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Duka lililojiunga Januari mbolea ikiwa inatoka, litaacha kulipa Mei likiwa tupu, na hesabu yenu itakuwa haijarudi. Tangazo lilelile likiwekwa Septemba, wakati wenye maduka wanajipanga na wana muda wa kujifunza programu, linapata miezi minane ya biashara mbele yake. Au bei ibadilishwe iwe ya msimu: 60,000 zikilipwa mara moja Oktoba, na miezi mikavu daftari linabaki wazi kusomeka. Hapa ndipo mtu wa masoko anapotakiwa kuijua mbolea kuliko anavyoijua Instagram.

Siku mfumo umelala

Itafika. Seva itagoma, siku ya gulio, saa ya msongamano. Tangazo la kawaida ni "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, mafundi wetu wanalishughulikia", sentensi iliyotumika kwa umeme, maji, benki na meli mpaka haina tena kitu ndani. Mwenye duka ana maswali manne: nini hakifanyi kazi, vitu vyangu vya zamani viko wapi, nifanye nini sasa, nitajua lini. Yote yanaingia kwenye meseji moja:

"Programu haipokei mauzo mapya tangu saa 4:10 asubuhi. Mauzo uliyoandika jana yako salama. Andika ya leo kwenye karatasi. Taarifa ijayo saa 6:00 mchana."

Herufi 151. Angalia saa zake. Mfumo utakupa 10:10 na ukinakili hivyo ukaandika "tangu saa 10:10", mwenye duka anaisoma saa kumi na dakika kumi, yaani jioni ambayo haijafika, au alfajiri akiwa amelala. Andika saa ya Kiswahili na utaje kipindi cha siku, kila mara, hata kwenye matangazo ya matengenezo. Saa 6 ikifika na tatizo halijaisha, meseji itoke vilevile, iseme halijaisha na itaje saa nyingine. Kiolezo kiandikwe leo, kikiwa na nafasi za kujaza, na kiwe kwa mtu wa zamu pamoja na ruhusa ya kukituma bila kumsubiri mkurugenzi ashuke kwenye ndege.

Kabla hakijatumwa, mtu mwingine aingie kwenye kurasa zote asimamishe posti zilizopangwa kujituma zenyewe. "Ijumaa njema, umejipangaje na wikiendi?" ikitokea saa 5 asubuhi wakati maduka 2,000 yanaandika kwenye karatasi, itapigwa skrinshoti na kuzungushwa kwenye magrupu ya wauza pembejeo kabla ya saa 6. Kesho yake tumeni meseji ya pili: kilichoharibika kwa maneno ya kawaida, na siku ngapi zimeongezwa kwenye malipo ya kila duka, ziwe zimeshaongezwa tayari kabla meseji haijatoka.